Kuvuka Nyandarua kwa Barabara ya Marram

Ukiwa mjini Nyeri asubuhi isiyo na mawingu, hebu geuza uso wako upande wa magharibi. Utaona mlima mrefu umelala kimya kama ng'ombe aliyeshiba. Huo ndio Nyandarua. Wazee wa Kikuyu waliupa jina hilo kwa sababu umbo lake liliwakumbusha ngozi iliyoanikwa juani ikauke. Mgeni mmoja kutoka Uingereza, Joseph Thomson, alipopita pande hizi akauita Aberdare, jina la bwana mkubwa wa kwao. Hiyo ilikuwa mwaka 1884. Mpaka leo mlima una majina mawili, kama mtoto aliyebatizwa ukubwani.

Ng'ambo ya mlima huo ni Kinangop, nchi ya viazi, kabeji na maziwa. Huko anaishi mama mdogo, dada yake mama yangu. Kati ya Nyeri na kwake ipo njia inayokata msitu na mbuga ya wanyama, kutoka lango la Kiandongoro hadi lango la Mutubio. Wenye Kiswahili sanifu wataiita barabara ya changarawe. Sisi tulio barabarani twasema marram, na sote twaelewana.

Likizo ya Agosti, mjomba wangu aliamua kwenda kumjulia hali dada yake, naye akanichukua. Mjomba ameshika usukani kwa zaidi ya miaka 30, na hajawahi kubingirisha gari hata siku moja. Mimi nilidhani nakwenda kutazama ndovu. Kumbe nakwenda darasani!

"Mpwa wangu," aliniambia kabla hatujatoka, "watu huogopa mlima huu kwa sababu ya kona na wanyama. Wewe tazama maji. Ukijua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, umeijua barabara."

Sikuelewa. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini kufikia jioni nilikuwa nimeelewa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu niwaeleze nanyi wanachama wenzangu.

KABLA YA KUPANDA

Alfajiri nilikuwa tayari nimeketi garini, mkanda nimefunga, moyo wanidunda kwa furaha. Mjomba hata ufunguo hakuwa ametia. Alilizunguka lile Land Rover lake kuukuu mara mbili. Akakagua matairi yote manne, kisha akalipima upepo lile la akiba, maana tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu. Akafungua boneti akatazama maji ya rejeta, oili na mafuta ya breki. Halafu akahesabu vifaa kama mwalimu anayeita majina: jeki, spana ya magurudumu, jembe, panga, kamba nene ya kuvutia gari, na kipande cha ubao.

"Mjomba, ubao nao ni wa nini?"

"Jeki ikisimama juu ya matope itazama kama kijiko kwenye uji. Ukiweka ubao chini yake, itasimama. Ni ubao wa bure huu, lakini siku utakapouhitaji utaulipia pesa yoyote."

Nyuma aliweka mablanketi mawili, chupa ya chai na mkate. Nilicheka kimoyomoyo, nikaona mzee anaogopa baridi. Lakini hebu tufanye hesabu kidogo. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Mji wa Nyeri uko kwenye mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, na njia hii hupita juu ya mita 3,000. Gari likikwama huko jua likizama, sweta la shule si kitu.

Pia kuna masharti ya mbuga. Malango hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kwa hivyo mtu hujipangia awe ametoka kabla ya giza. Pikipiki haziruhusiwi, nyati hana habari na bodaboda. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Hushuki garini ovyo, ila mahali palipotengwa. Na wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, au mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, usijaribu kupita bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla ya kutoka, uliza walinzi wa langoni hali ya njia. Kuuliza si ujinga.

MARRAM NI KITU GANI?

Tulipita mashamba ya chai yaliyochanwa vizuri kama nywele za mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha magurudumu yakaanza kulia tofauti. Tumeingia kwenye marram.

Wengi wetu tumekanyaga marram tangu utotoni bila kujiuliza ni nini. Basi sikilizeni. Katika nchi za joto na mvua, maji hupenya ardhini kwa maelfu na maelfu ya miaka. Yanapopita huyeyusha madini yaliyo rahisi kuyeyuka na kuyachukua. Yale yasiyoyeyuka kwa urahisi, hasa chuma na alumini, hubaki. Chuma hicho hushika kutu, na ndiyo sababu udongo wetu ni mwekundu. Hivyo hata marram yenyewe ni kazi ya maji.

Marram njema ina changarawe na ina udongo wa mfinyanzi. Changarawe ni mifupa, mfinyanzi ni nyama inayoishika mifupa. Ikishindiliwa vizuri huwa ngumu ajabu. Lakini mifupa ikizidi, mawe hutawanyika na kuviringika chini ya tairi kama gololi. Nyama ikizidi, mvua ikinyesha kidogo tu barabara hugeuka sabuni.

Tena tazama umbo la barabara. Barabara nzuri ya marram ina mgongo. Katikati imeinuka na kandokando imeinama, sentimeta 4 hadi 6 kwa kila mita moja. Kazi ya mgongo huo ni kuyafukuza maji haraka yaende mtaroni. Mtaro nao huyapeleka kwenye kalvati, bomba linalopita chini ya barabara, ili yatokee upande wa pili bila kuigusa njia. Mgongo ukilika, maji hukaa katikati. Kalvati likiziba kwa majani, maji huruka barabarani na kujichimbia njia yao wenyewe. Unalala kuna barabara, unaamka kuna mto!

"Unaona hapo?" mjomba aliuliza akionyesha ufa mwembamba uliokatiza njia. "Huo haukuchimbwa na lori. Umechimbwa na usiku mmoja wa mvua."

Na yale matuta madogo madogo yanayofanya meno yagongane, kama kwamba gari linapita juu ya mabati? Watu husema ni malori mazito. Si kweli kabisa. Gurudumu likienda kwa kasi juu ya changarawe, hurukaruka kidogo. Kila linapotua husukuma changarawe na kuacha kijishimo na kijituta. Gari la pili likifika hapo huruka tena na kukiongeza. Mwendo ukiwa wa polepole sana, matuta hayo hayajijengi. Kwa hivyo tunapoilaumu serikali kwa barabara kuwa ya mabati, tujue kwamba na sisi wenye haraka tumeshiriki kuyapanga.

Kwa dereva, matuta hayo yana hatari yake. Tairi linaporuka huwa haligusi ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala usukani. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya marram ni hii: usifanye jambo lolote kwa ghafla. Usikanyage breki ghafla, usikate kona ghafla, usiongeze mafuta ghafla. Gari husimama mbali zaidi kwenye changarawe kuliko kwenye lami, basi acha nafasi kubwa mbele yako. Punguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona.

KUPANDA: MSITU, MIANZI NA HEWA HAFIFU

Mlima huu una vyumba, msomaji wangu, na kila chumba kina watu wake. Chini ni msitu mnene wa miti mirefu, iliyovishwa kuvu na ndevu za kijani. Mbega hurukaruka huko juu na mikia yao meupe kama mafagio mapya. Ukipanda zaidi unaingia kwenye mianzi. Hapo giza huingia mchana. Mianzi husimama pande zote mbili bega kwa bega kama askari wa gwaride, na upepo ukivuma hugongana na kulia. Bongo, yule paa mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mistari myeupe, hujificha katika misitu hii, lakini ni aibu tupu. Wengi huzeeka bila kumwona.

Njia ilikuwa nyevunyevu, ukungu umeteremka mpaka kwenye kioo. Mjomba aliwasha taa, akaingiza gia ndogo, akaacha gari lipande kwa mwendo mmoja tu.

"Mjomba, kanyaga mafuta basi!" Nilishindwa kuvumilia.

"Nikikanyaga, magurudumu yatazunguka bure, yatachimba, na wewe ndiwe utakayeshika jembe."

Ajabu ni kwamba hata injini ilikuwa inachoka. Kule juu ya mita 3,000 hewa ni hafifu. Mgandamizo wake ni kama asilimia 70 tu ya ule wa Mombasa. Injini inahitaji hewa ili kuchoma mafuta, sawa na sisi tunavyoihitaji ili kupumua. Gari lililopanda Nyeri likicheka, hapa hukohoa. Maji nayo huchemka mapema, kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Ndiyo maana ukijaribu kupika githeri huko juu utalala njaa, na ndiyo maana dereva mwenye busara hukiangalia kipimo cha joto cha injini kila mara.

Mara tukakuta dimbwi limeziba njia nzima. Nilidhani tutalirukia kama matatu za mjini. Mjomba alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza. Alipohakikisha hakuna mnyama karibu, alishuka mlango ukiwa wazi, akapima kina kwa fimbo, akarudi. Akaniambia kwamba dimbwi lisilojulikana ni kama barua ya mkuu wa shule: usidhani unajua lililomo kabla ya kuifungua. Maji yakiwa yametulia na chini pagumu, pita polepole bila kubadilisha gia. Yakiwa yanakimbia kwa kasi, ngoja yapungue au geuza gari. Mtu akishavuka, agusegusa breki kidogo zikauke, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki.

Kona iliyofuata, ndovu watatu! Wamesimama katikati ya barabara wakila, kama kwamba njia ni yao. Na kweli ni yao. Moyo wangu ulinipanda kooni. Mjomba hakupiga honi wala hakusogea. Alisimama mbali, injini inanguruma taratibu, gia ya kurudi nyuma imeingizwa tayari. Tulikaa hapo robo saa nzima. Mmoja alitupanulia masikio, nasi tukarudi nyuma kidogo. Hatimaye wakaingia mianzini na kutoweka. Mnyama mkubwa namna ile, na hata tawi halikutikisika!

JUU KABISA: CHEMCHEMI YA NCHI

Ghafla mianzi ikaisha na mbingu ikafunguka. Tumefika nyanda za juu. Hapa hakuna miti mirefu. Kuna mashada ya nyasi ngumu, vichaka vya kijivu, na mimea ya ajabu iliyosimama kama mishumaa. Upande wa kaskazini yuko Lesatima, kilele cha mita 4,001. Kusini yuko Kinangop, mita 3,906. Kimya chake ni cha kusikika.

Ardhi ya hapa ni nyeusi na laini kama sifongo, na kazi yake ni ya sifongo vilevile. Upande wa mashariki wa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka mahali pengine. Nyasi na msitu hunyonya mvua hiyo na kuiachilia kidogo kidogo mwaka mzima. Hapa ndipo mito ya Chania, Gura na Thika huzaliwa. Hapa ndipo Malewa hutoka kwenda kulijaza Ziwa Naivasha. Maporomoko ya Karuru yapo huku, yakianguka kwa ngazi tatu jumla ya mita 273, na ng'ambo ya bonde Gura nayo inajitupa.

Sasa fuata maji kama mjomba alivyoniambia. Mto Thika huingia bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na kutoka hapo maji husafiri hadi kwenye mifereji ya Nairobi. Bwawa la Sasumua, lililo upande wa Kinangop, hupeleka maji huko huko. Chania na Gura huishia mto Tana, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hunywesha nchi kavu mpaka bahari ya Hindi. Mtu anayefua nguo kule Eastleigh na anayevua samaki kule Garsen wote wanakula kwa mkono wa mlima huu.

Msitu huu pia uliwahi kunywesha na kuficha watu. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliishi humu wakiongozwa na Dedan Kimathi, mpaka alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Jeshi la Uingereza lilikata njia nyingi msituni ili kuwafuata. Kwa hivyo si kila barabara mlimani ilitengenezwa ili wananchi wapeleke kabeji sokoni. Nyingine zilitengenezwa kwa bunduki.

Tulikunywa chai tukiwa garini. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Lile blanketi nililolicheka ndilo nililojifunika.

KUTEREMKA NI KAZI KULIKO KUPANDA

Watu wengi hudhani taabu ni kupanda. Wapi! Gari likishindwa kupanda, litasimama. Gari likishindwa kusimama wakati wa kuteremka, hiyo ni habari nyingine, na kwa kawaida husomwa kwenye gazeti.

Upande wa magharibi mlima huu haukuinama polepole kama ule wa Nyeri. Unakatika. Ukitoka lango la Mutubio unashuka ukingo mkali, na Kinangop unaiona chini kama shuka la viraka. Upande huo kuna vipande vilivyowahi kutiwa lami, na hivyo ndivyo vinavyomdanganya mtu: anaona njia ni laini, anaachia gari.

Kabla ya mteremko mjomba alisimama kabisa, akaingiza gia ndogo, ndipo akaanza kushuka. Injini ikawa inanguruma na kulivuta gari nyuma, kama mtu anayemshika ng'ombe mkia. Mguu wake ulikuwa mbali na breki. Aliigusa tu kwenye kona, akaiachia. Nami nilisikia aibu, maana tulikuwa tunakwenda polepole kuliko punda.

Tulipozunguka kona moja tukakuta gari dogo limeegeshwa mtaroni, jiwe chini ya gurudumu, na familia nzima imesimama kando. Baba alikuwa anatetemeka. Harufu ilinipiga puani, harufu kali kama ya kitambaa na mpira unaoungua. Moshi mwembamba ulitoka kwenye magurudumu ya mbele.

"Breki zimeisha," yule baba alisema. "Nilikanyaga, nikakanyaga, kikawa kama kukanyaga sifongo. Nikaona heri nilitupe mtaroni upande wa mlima kuliko kwenda na watoto kule." Akaonyesha upande wa pili. Nilichungulia. Singependa kueleza nilichokiona, isipokuwa kwamba miti iliyokuwa chini ilionekana kama sukuma wiki.

Mjomba hakumkemea. Alimwambia, "Umewaokoa watoto wako, ndugu yangu. Sasa tusiziguse breki, wala tusizimwagie maji. Tungoje zipoe." Tukakaa nao karibu saa nzima, chai yetu ikaisha kwa watoto wale.

Nilimwuliza mjomba breki zinaishaje wakati zilikuwa nzima asubuhi. Alinieleza hivi. Breki husimamisha gari kwa kusugua. Kusugua huleta joto. Sugua viganja vyako uone. Gari linaposhuka mlima huku limekanyagiwa breki muda wote, joto hilo halipati nafasi ya kutoka. Vibao vya breki vikipata moto sana huteleza badala ya kushika. Mafuta ya breki nayo yanaweza kuchemka na kuwa mapovu. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana husukuma breki; lakini mapovu hubanwa, hivyo pedali huingia mpaka chini bila kufanya kazi. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu hewani, na kwa hiyo huchemka mapema.

"Unaona?" mjomba akamaliza. "Hata ndani ya breki, adui ni maji."

Kanuni yake ni rahisi na haigharimu kitu: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo huo, au ndogo zaidi. Ingiza gia hiyo kabla ya kuanza kushuka. Kamwe usizime injini wala kuweka gari huru ili "kuokoa mafuta". Ukikutana na anayepanda mahali pembamba, wewe unayeshuka ndiwe unayempisha, kwa sababu yeye akisimama huenda asiweze kuondoka tena.

Breki zilipopoa, yule baba alizijaribu polepole mahali tambarare, zikashika. Alitufuata nyuma hadi chini kwa gia ya kwanza. Alipotupungia mkono kwaheri, hakusema neno. Macho yake yalisema.

LAMI AU MARRAM?

Jioni tulikuwa kwa mama mdogo, tunakula viazi vya moto. Nilisimulia yote, nikamalizia kwa kusema kwamba ingefaa barabara ile ibaki jinsi ilivyo, nzuri, yenye ndovu na mianzi.

Mama mdogo aliweka kijiko chini. "Wewe umepita mara moja, ukitalii. Mimi kabeji zangu zimeoza hapa nikitafuta lori. Nikitaka kwenda Nyeri kumwona mgonjwa, nauzunguka mlima mzima. Uzuri wa barabara hauliwi, mwanangu."

Nilinyamaza. Alikuwa na haki.

Na ubishi huu si wa mezani kwetu tu. Mpango wa kutia lami njia ya kutoka Ihithe, upande wa Nyeri, hadi Ndunyu Njeru kupitia mlimani ulifikishwa mahakamani mjini Nyeri mwaka 2024. Wakulima wanataka soko. Wahifadhi wanahofia wanyama kugongwa na magari ya kasi, na magogo na makaa kupata njia rahisi ya kutoka msituni. Tusisahau kwamba uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ulijengwa kuuzunguka mlima huu, ukakamilika mwaka 2009, ili ndovu wasiingie mashambani na watu wasiingie msituni ovyo. Tena Ihithe ndipo alipozaliwa Profesa Wangari Maathai mwaka 1940, mama wa miti, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Mjomba aliposikia tumebishana vya kutosha, alisema neno lake. "Lami haimezi maji. Kila tone linaloanguka juu yake lazima liende kando. Mlimani, ukiyakusanya maji mengi na kuyaachia mahali pamoja, yatakata bonde. Udongo huo utaingia mtoni, na mto utaupeleka bwawani. Lakini marram isiyotunzwa nayo hufanya vivyo hivyo. Swali si lami au marram. Swali ni: nani atasafisha kalvati?"

Mimi nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Maoni yangu, na mnaweza kuyapinga kwenye mdahalo wa chama chetu, ni kwamba ndani ya mbuga barabara ibaki ya marram, ya polepole, lakini itunzwe: mgongo uinuliwe kwa greda, mitaro izibuliwe kabla ya kila msimu wa mvua, kalvati ziwe nyingi na kubwa. Na pesa ya lami itumike kwanza kwenye njia za Kinangop zinazozunguka mlima, ili kabeji za mama mdogo zifike sokoni bila kuoza. Tukimnyima barabara zote mbili kwa jina la kuhifadhi mazingira, tumemlipisha yeye peke yake maji tunayokunywa sisi sote.

Mpenzi msomaji, siku moja nawe utashika usukani, au utaketi kando ya anayeushika. Ukiona anakimbia mlimani, usiogope kumwambia, "Mzee, gia ndogo tafadhali." Ukiona kalvati la kijijini kwenu limeziba, chukua jembe. Na ukifungua mfereji maji yakatoka, kumbuka yametoka wapi.

Haraka haraka haina baraka. Safari njema.

— Mwanachama, Chama cha Kiswahili